Kutoka dirisha la dawa hadi ukumbi wa mihadhara: mwongozo kamili kwa mfamasia anayetaka kufundisha

Mfamasia akimaliza utarajali, ndugu na jamaa humwona katika sehemu tatu: hospitali, duka la dawa au kampuni. Chuo hakitajwi. Anayekitaja huambiwa kwamba ualimu ni wa waliokosa mtaji wa duka, au ni wa vipaji waliopata A tupu tangu kidato cha kwanza. Yote mawili si kweli. Vyuo vya famasi Tanzania vimeongezeka kuliko walimu wao. Muhimbili ilianza kufundisha wafamasia mwaka 1974 na kwa miaka mingi ilikuwa peke yake. Leo shahada hiyo inatolewa pia St. John's Dodoma, Bugando kule Mwanza, Chuo Kikuu cha Kimataifa cha Kampala (KIUT) Dar es Salaam na kwingineko, achilia mbali vyuo vya kati vinavyotoa cheti na stashahada.

Mwongozo huu ni wa yule anayetaka kufundisha famasi na pia kushughulikia swali kubwa lililo nyuma yake: nchi itapata wapi watu wa kutosha wa kutoa dawa, na watu hao watajuaje kazi yao? Nitaelekeza zaidi njia ya Tanzania kwa sababu ndiyo ninayoifahamu. Aliyeko Kenya atakuta ngazi zinafanana, ila shahada ya kwanza huko huchukua miaka mitano badala ya minne na msimamizi wa taaluma ni Bodi ya Famasi na Sumu.

Msimamo wangu niuweke wazi mapema: mwalimu wa famasi hupimwa kwa yule anayesimama dirishani baada ya kupita mikononi mwake. Hatua zote hapa chini nimezipanga kwa kipimo hicho.

Hatua ya 1: Linda alama zako, kisha usajiliwe

Matangazo ya kazi ya vyuo vikuu vya umma, ambayo siku hizi hupitia Ajira Portal ya Sekretarieti ya Ajira, kwa kawaida yanadai GPA ya 3.8 kati ya 5 katika shahada ya kwanza na 4.0 katika uzamili. Ukiwa na 3.7 mlango huo umefungwa, hata kama wewe ndiye uliyekuwa ukiwafundisha wenzako usiku wa kuamkia mtihani. Kama shahada yako haina madaraja, soma tangazo neno kwa neno, maana huwa na sharti lake la wastani wa herufi. Mwanafunzi wa mwaka wa pili anayesoma hapa bado ana muda wa kurekebisha. Sapu moja haiui ndoto, lakini C za mfululizo zinaiua polepole.

Baada ya shahada ni mwaka mmoja wa utarajali, halafu usajili wa Baraza la Famasi. Wapo wanaotaka kuruka kipande hiki kwa kuwa wameshapata nafasi ya uzamili nje. Usiruke. Mwalimu asiyesajiliwa hawezi kumsimamia mwanafunzi wodini wala dukani, na huko ndiko nusu ya famasi inakofundishwa.

Hatua ya 2: Fanya kazi kwanza, hata kama chuo kinakuita

Vyuo hupenda kuwabakiza wanafunzi bora mara tu wanapomaliza. Ni heshima, na kwa wengine ndiyo nafasi pekee watakayoipata, kwa hiyo sitamwambia mtu aikatae. Ila kama una hiari, kaa kazini mwaka mmoja au miwili. Hospitali ya wilaya ni bora kuliko ya taifa kwa kusudi hili, kwa sababu kule utafanya kila kitu: utaagiza kutoka Bohari ya Dawa, utapokea pungufu ya ulichoagiza, utahesabu stoo mwisho wa robo, utabishana na daktari kuhusu antibayotiki, na jioni utasimama dirishani kwa kuwa fundi dawa sanifu ana dharura.

Mlango mwingine ambao watu huudharau ni chuo cha kati. Vyuo vinavyosimamiwa na NACTVET, baraza la taifa la elimu ya ufundi, huajiri wafamasia wenye shahada ya kwanza kuwa wakufunzi wa cheti na stashahada. Hapo utajifunza kuandaa somo kwa mtu ambaye hakusoma kemia ya kidato cha sita, na hiyo ndiyo shule ngumu kuliko zote za ualimu. Mtu aliyeweza kumweleza mwanafunzi wa cheti kwa nini dawa ya maji iliyokwisha kuchanganywa haidumu kama ya unga hatapata shida na darasa la shahada.

Jambo moja la pembeni. Ukiwa mfamasia mwenye usajili, mwenye duka atakujia akitaka jina lako libandikwe ukutani kama msimamizi, akulipe kila mwezi, na wewe usikanyage hapo. Ni fedha tamu kwa mwalimu kijana. Lakini asubuhi unafundisha maadili ya taaluma na jioni cheti chako kinauza dawa peke yake, na wanafunzi wako watalijua duka hilo kabla ya mtu mwingine yeyote, kwa sababu wao ndio watakaopelekwa fildi pale.

Hatua ya 3: Chagua uzamili kwa kuangalia swali, si jina

Muhimbili unaweza kusoma uzamili wa famasi ya hospitali na kliniki, famasi ya viwanda, udhibiti ubora au usimamizi wa dawa. Moshi kuna Shule ya Famasi ya Kilimanjaro, ambayo kwa miaka mingi imeendesha mafunzo ya juu ya famasi ya viwanda kwa ushirikiano na Chuo Kikuu cha Purdue cha Marekani. Kigali, katika Chuo Kikuu cha Rwanda, kuna kituo cha umahiri cha Jumuiya ya Afrika Mashariki kinachoshughulikia chanjo na mnyororo wa ugavi wa bidhaa za afya.

Wengi huchagua maabara kwa sababu ndiko walikomwona profesa wao. Maabara ni nzuri, na nchi inayotaka viwanda vya dawa haiwezi kuishi bila hiyo. Jua tu gharama yake: mashine moja ikiharibika, utafiti wako unalala miezi ukisubiri kipuri na fundi. Maswali ya watu hayasubiri kipuri. Nani anatoa dawa katika zahanati isiyo na mfamasia? Alifundishwa nini, na anakumbuka nini? Kwa nini wafamasia wapya hukimbia wilaya za pembezoni? Haya yana nyumba katika usimamizi wa dawa, famasi ya kliniki na afya ya jamii, na walimu waliobobea humo ni wachache.

Kuhusu fedha, angalia ufadhili wa Jumuiya ya Madola kwa masomo ya Uingereza, na DAAD ya Ujerumani, ambayo hufadhili pia masomo ndani ya ukanda wetu. Ukishaajiriwa chuoni, barua ya mwajiri inayosema nafasi yako inakungoja ina uzito mkubwa kuliko insha nzuri.

Hatua ya 4: Jifunze kufundisha kama ulivyojifunza dawa

Hapa nitakaa kidogo. Mwaka 1997 kikundi cha ushauri cha Shirika la Afya Duniani (WHO) kilichokutana Vancouver kilitaja majukumu saba ya mfamasia: mtoa huduma, mfanya maamuzi, mwasilianaji, meneja, mwanafunzi wa maisha, mwalimu na kiongozi. Ualimu umo humo, lakini mitaala mingi haikumfundisha mfamasia hata saa moja ya kufundisha. Mhadhiri mpya hukabidhiwa slaidi za aliyemtangulia na kuambiwa Jumatatu saa mbili.

Mwaka 2016 Shirikisho la Kimataifa la Famasia, FIP, lilikutana Nanjing nchini China na kupitisha malengo 13 ya kukuza nguvukazi ya famasi. Kabla ya hapo, mwaka 2012, lilikuwa limetoa mfumo wa umahiri wenye makundi manne: famasia ya afya ya jamii, huduma kwa mgonjwa, uendeshaji na usimamizi, na mwenendo wa mtu kitaaluma. Pata nyaraka hizi na uzisome huku umefungua mtaala wa chuo chako. Weka alama kila umahiri unapofundishwa, kisha weka alama nyingine unapopimwa. Utaona safu ya kwanza imejaa na ya pili ina mashimo. Mashimo hayo ndiyo kazi yako ya miaka mitano ijayo, na ukienda kwenye usaili nayo mkononi utasikilizwa.

Kwa nini kuna mashimo? Kwa sababu mtihani wa karatasi hupima anachokijua mtu, na daktari George Miller alieleza mwaka 1990 kwamba kujua ni ngazi ya chini kabisa. Juu yake kuna kujua namna ya kufanya, kisha kuonyesha unavyofanya, na kileleni ni kufanya kweli kazini. Kipimo cha ngazi ya tatu ni mtihani wa vituo, ambao wanafunzi wanauita oski, ulioasisiwa na Ronald Harden na wenzake kule Dundee mwaka 1975. Mwanafunzi huzunguka vituo, kila kimoja dakika chache, na msahihishaji ana orodha ileile kwa kila mtu.

Chukua kituo kimoja uone kinavyojengwa. Mama ana mtoto wa kilo 12 mwenye malaria, ameandikiwa dawa mseto ya ALu, na saa ni kumi jioni. Mwanafunzi ana dakika saba. Dozi ni kidonge kimoja mara sita kwa siku tatu, kwa hiyo vidonge sita. Hesabu hiyo karibu wote wataipata. Ugumu unaanza hapa: dozi ya pili inatakiwa saa nane baada ya ya kwanza. Akipewa ya kwanza sasa hivi, ya pili inaangukia saa sita usiku. Mwanafunzi anayesema "kimoja kutwa mara mbili" na kuandika 1×2 kwenye bahasha amefeli kituo hiki hata kama kidonge ni sahihi, kwa kuwa mama atalala na kuitoa asubuhi. Orodha yako iwe na mambo kama haya: ameuliza mtoto amekula nini, kwa sababu dawa hii hufyonzwa vizuri ikiambatana na mafuta, hata ya maziwa tu, ameitaja saa ya dozi ya pili kwa saa za Kiswahili, amesema afanye nini mtoto akitapika muda mfupi baada ya kumeza, na mwisho amemwomba mama aeleze kwa maneno yake atakavyompa mtoto nyumbani. Hiki cha mwisho kipe alama nyingi. Mtu akikuitikia "nimeelewa" hujui bado kama ameelewa.

Mtihani wa vituo unachosha. Unahitaji wasahihishaji wengi, watu wa kuigiza wagonjwa, na ukumbi. Usianze na vituo 20. Anza na vinne katika moduli yako, tumia wafanyakazi wa chuo kama wagonjwa, na wafundishe wasahihishaji kwa kuwasahihishisha mwanafunzi yuleyule mmoja hadi alama zao zikaribiane.

Kingine: fundisha kwa lugha ya dirishani. Mihadhara ni ya Kiingereza, lakini mgonjwa ataelezwa kwa Kiswahili, na kule Sumbawanga au Tarime pengine kwa lugha nyingine kabisa. Nimeona wanafunzi wazuri wakikwama wanapotakiwa kumweleza bibi maana ya kumaliza dozi bila kutumbukiza neno la kigeni kila baada ya mawili. Wape zoezi la kueleza dawa tano kwa Kiswahili kitupu kila wiki.

Hatua ya 5: Utafiti wa kwanza uwe wa bei nafuu na wa kweli

Mwaka 1993 WHO ilitoa vipimo vya matumizi ya dawa vinavyoweza kukusanywa na mtu mmoja mwenye saa na karatasi: mgonjwa anakaa dirishani kwa muda gani, ni sehemu gani ya dawa alizoandikiwa amezipata, bahasha zimeandikwa ipasavyo kwa kiasi gani, na akitoka nje anajua kumeza vipi. Rudia vipimo hivyo kabla na baada ya jambo ulilolibadilisha, na una utafiti.

Panga muda wa ruhusa. Kwanza kamati ya maadili ya chuo, na kwa tafiti nyingine pia NIMR, taasisi ya taifa ya utafiti wa magonjwa ya binadamu. Kisha barua ya chuo kwenda kwa Katibu Tawala wa Mkoa, ambaye huandika kwa Mkurugenzi wa Halmashauri, ambaye huandika kwa Mganga Mkuu wa Wilaya, ambaye huandika kwa Mganga Mfawidhi wa kituo. Beba nakala, na ulipe kila ofisi siku zake. Kabla ya yote hayo, zungumza na mfamasia wa mkoa. Akiliona swali lako kuwa ni lake, barua hutembea.

Hatua ya 6: Jua kuhesabu watu

Mwalimu wa famasi anayeweza kuionyesha halmashauri inahitaji watoa dawa wangapi ana thamani kuliko mwenye hotuba kuhusu uhaba. WHO ina njia iitwayo WISN, ya kukadiria idadi ya wafanyakazi kwa wingi wa kazi. Mfano wa kubuni: hospitali inapokea vyeti 120,000 vya dawa, yaani maagizo ya daktari, kwa mwaka. Mfanyakazi ana siku 260 za kazi. Ondoa likizo, sikukuu, ugonjwa na semina, zibaki 215. Kwa saa 8 kwa siku, ni saa 1,720 kwa mwaka.

Sasa amua cheti kimoja kihudumiwe kwa dakika ngapi. Ukisema dakika 4, ili mtu akague, atafute, aandike bahasha na kueleza, ni saa 8,000, yaani watu 4.65. Kama sehemu ya tano ya muda wao huenda kwenye kuhesabu stoo na kujaza ripoti, zidisha kwa 1.25, upate 5.8. Ni watu sita. Ukisema dakika 1, kama hali ilivyo mahali pengi, hesabu hiyohiyo inakupa mtu mmoja na nusu, na mkurugenzi atakuambia ana wawili, kwa hiyo amezidisha.

Umeona mgogoro ulipo? Uko kwenye zile dakika, si kwenye hesabu. Kwa hiyo kiwango cha muda lazima kitoke kwa watu wanaoifanya kazi vizuri, waliokaa pamoja wakakubaliana, na wewe uwe na vipimo vya Hatua ya 5 kuonyesha mgonjwa wa dakika moja anatoka akijua nini. Hapo utafiti, hesabu na ualimu vinakuwa kazi moja.

Hatua ya 7: Fundisha walioko kazini

Wengi wanaowahudumia Watanzania dawa si wafamasia. Mwaka 2003 mkoani Ruvuma kulianzishwa maduka ya dawa muhimu, DLDM, kuchukua nafasi ya maduka ya dawa baridi, na nguzo yake mojawapo ilikuwa kumfundisha mtoa dawa na kumpa kibali. Mfano huo ulisambaa nchi nzima na kuigwa Uganda na Liberia. Mwalimu anayetaka kuacha alama aende huko. Pia kuna mafunzo endelevu ya wafamasia wenyewe, pamoja na miradi ya hospitali kwa hospitali, kama ule wa Jumuiya ya Madola wa kusimamia matumizi ya antibayotiki uliowaleta wafamasia wa Uingereza kufanya kazi na wenzao wa Ghana, Tanzania, Uganda na Zambia kuanzia mwaka 2019.

Semina zetu zina ugonjwa wake: hoteli, posho, slaidi 80, mtihani mdogo kabla na baada, picha ya pamoja. Donald Kirkpatrick alitenganisha ngazi nne za kutathmini mafunzo: washiriki walifurahi, walijifunza, walibadilisha utendaji, na matokeo yakaonekana. Ripoti nyingi huishia ya pili. Wewe tenga sehemu ya bajeti kwa ajili ya ya tatu tangu siku unapoandika andiko la mradi: miezi mitatu baadaye, mtu aliyefundishwa kujifanya mteja aende dukani na kueleza kuhara kwa mtoto, kisha aandike alichouziwa. Mtoto mwenye kuhara bila damu anastahili ORS na zinki. Kama ameuziwa antibayotiki, semina yako haijafanya kazi, hata kama alama zilipanda ukumbini. Zoezi hili lipitishwe na kamati ya maadili, na jina la duka lisitajwe popote.

Hatua ya 8: Uzamivu na vyeo

Ngazi ni mkufunzi msaidizi mwenye shahada ya kwanza, mhadhiri msaidizi mwenye uzamili, mhadhiri mwenye uzamivu, mhadhiri mwandamizi, profesa mshiriki, profesa. Kati ya ngazi na ngazi kwa kawaida hupita miaka mitatu, na kinachokupandisha ni machapisho. Chukua mwongozo wa kupandisha vyeo wa chuo chako wiki ya kwanza ya ajira, uone jinsi alama zinavyogawanywa kati ya waandishi. Jarida linalokuandikia barua pepe usiku likikuahidi kuchapisha ndani ya siku tano kwa malipo, lifute.

Tunza jalada tangu mwanzo: mitaala uliyoshiriki kuandika, orodha za vituo ulivyobuni, maoni ya wanafunzi, barua za halmashauri zilizotumia hesabu zako. Kamati za vyeo hupenda machapisho, lakini wafadhili na Baraza huuliza hayo mengine, na ukiyatafuta baada ya miaka kumi huyapati.

Kila utafiti ukikamilika, kabla ya makala haijaenda jaridani, andika ukurasa mmoja wa Kiswahili na uurudishe kwa Mganga Mfawidhi na watoa dawa uliowapima, kisha uombe nusu saa ya kikao chao cha asubuhi. Watakusahihisha mambo ambayo msimamizi wako hakuyaona, na mara nyingi swali la uzamivu wako litatoka hapo.